Sura ya Sita: Pakiti ya Kijani Juu ya Mashine

"Sisaini," alisema Pi-lien, akairudisha karatasi kwa kidole kimoja, kama mtu anayesogeza sahani ya chakula kilichochacha.

Inspekta Weng Su-chin hakuigusa. Karatasi ilikuwa ya kiwanda, si ya polisi. Ilisema kwamba Chan Pi-lien, mwunganishaji wa spika za magari, anakiri kuiharibu kwa makusudi spika ya kushoto ya seti mpya, anaomba radhi mbele ya wote, na kiwanda kwa huruma yake hakitamshtaki. Ataondoka tu, bila kiinua mgongo. Asiposaini, jioni hiyohiyo anapelekwa kwa mwendesha mashtaka. Huruma gani hiyo, Weng alijiuliza, inayokuja na kalamu mkononi.

"Shangazi," alisema, "ukisaini, leo unalala kwako."

"Na kesho? Nikienda sokoni Shulin kununua samaki watasema yuleee, mhujumu. Nimebandika koili pale tangu nywele zangu nyeusi. Nikikosea nasema nimekosea, natupa, naanza upya. Leo nikubali niliharibu kazi ya mikono yangu? Kwa lipi? Nifungeni!"

"Mpwa wako anafanya kazi kwa washindani wao, kule Tucheng."

"Anakaanga nyama kwenye kantini yao! Labda nimewauzia siri ya mchuzi."

Koplo aliyekuwa akiandika mlangoni alicheka, Weng akamtupia jicho, akaacha. Simu ya mezani ikalia. Alikuwa mkuu wa kituo, mtu ambaye hata nyumba ikiungua angeuliza kwanza nani alijaza fomu.

"Amesaini?"

"Hajasaini."

"Basi mpeleke kwa mwendesha mashtaka tumalize. Wenye kiwanda wamenipigia tena."

"Wamenipigia na mimi. Lakini mkuu, hiyo spika sijaiona. Siwezi kumfunga mtu kwa kitu nilichosimuliwa."

"Weng, mhandisi wao ameandika ripoti!"

"Nitaisoma nikiwa nimeishika spika," alisema Weng, akakata simu. Najua, simu ya mkuu haikatwi. Yeye aliikata.

Akamgeukia Pi-lien. "Nifundishe. Gari langu ni bovu na redio yake haisemi, kwa hiyo usiogope kunidharau. Hiyo seti ni nini?"

Pi-lien aliketi vizuri kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Ni spika zilizogawanyika, kila moja na kazi yake. Besi inakaa mlangoni. Ile ndogo ya sauti nyembamba, kuba lake la hariri, inakaa juu pembeni mwa kioo. Katikati kuna kijisanduku kinachogawa muziki, mnene uende chini, mwembamba uende juu. Mchoro ni wa Mhandisi Tsou. Koni ya besi ni ya karatasi, tunakoroga rojo lake wenyewe na nyuzi za sufu ndani. Mimi nabandika koili, ule waya uliozungushwa, kwenye koni, nalehemu ncha zake mbili, nafunika kwa gundi nyeusi. Koili inaning'inia ndani ya mwanya wa sumaku, na mwanya wenyewe ni mwembamba kama ukucha. Ikigusa pembeni, inakwaruza. Zangu hazikwaruzi."

"Na hii ilikwaruza?"

"Hata! Hii ilikuwa nzima kabisa. Jioni ya kuamkia maonyesho tuliisikiliza wote, besi inatikisa kiti. Asubuhi wakaja wanunuzi Wajapani kutoka Nagoya, wakaketi kwenye gari la maonyesho, muziki ukawashwa. Mwimbaji yupo, ngoma hakuna. Besi imekufa. Wajapani wakainama kwa adabu, wakaondoka."

"Kwa sababu gani besi ikafa?"

"Spika mbili lazima zisukume pamoja. Moja ikisukuma huku nyingine inavuta, zinameza besi zenyewe kwa zenyewe. Ya kushoto ilikuwa imegeuka. Mimi nilikuwa wa mwisho kutoka kwenye chumba cha kuunganishia, basi ni mimi. Kesho yake, baada ya mazoezi ya asubuhi, bosi mdogo akashika kipaza sauti uani akanitangaza. Jina langu lote, Afande. Mbele ya watoto niliowafundisha kushika chuma cha kulehemu." Machozi yalimlengalenga, akayafuta kwa hasira. "Sisaini."

*

Ko Chun-hao, bosi mdogo, alimpokea Weng ofisini kwake kwa chai na kitambaa baridi. Baba yake ndiye aliyeanzisha kiwanda. Mtoto alirithi kiti, na kiti kilikuwa bado kikubwa kwake. Pembeni alisimama Mhandisi Tsou Wen-pin, mwembamba, miwani imeteleza puani, chupa ya chai mkononi. Kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto kulikuwa na mstari mweupe ambao jua halikuufikia.

"Inspekta, jambo hili ni dogo," alisema Ko. "Mama huyu tunamheshimu. Angesaini tu, yangekwisha."

"Angekuwa amekwisha yeye," alisema Weng. "Spika ziko wapi?"

Zilikuwa mezani, mbili, nyeusi, koni zake zimepakwa laka inayong'aa. Tsou alitoa betri ndogo ya saa ya ukutani na vipande viwili vya waya. Alionekana kufurahia kazi hiyo, kama mwalimu aliyepata darasa.

"Tazama. Chanya ya betri kwenye chanya ya spika. Hii ni ya kulia." Aligusisha, koni ikaruka nje kidogo, *tuk*. "Ndivyo inavyotakiwa. Na hii ya kushoto." Akagusisha, koni ikazama ndani. "Nyaya za nje ziko sawa. Kwa hiyo ncha za koili zimebadilishwa ndani, chini ya ile gundi nyeusi. Aliyelehemu ni mmoja tu."

"Tuikate tuone."

"Hapana!" Ko aliinuka. "Hiyo ndiyo jozi pekee. Ukiikata koni, sina cha kumwonyesha mtu tena!"

"Basi mna ushahidi ambao hauonekani na hauguswi," alisema Weng. "Hongereni sana."

Akainama akaitazama spika ya kushoto. Gundi nyeusi ilikuwa laini, imekauka, haina alama. Kama Pi-lien alikosea, alikosea siku alipounganisha. Lakini jioni ile besi ilitikisa kiti. Hilo watu wote wa kiwanda walikubali, hata ripoti ya Tsou ilikubali, kwamba jozi "ilikuwa nzima, kisha ikahujumiwa usiku". Sasa mtu angebadilishaje ncha chini ya gundi iliyokauka bila kuacha hata mkwaruzo?

"Mhandisi, nisaidie mimi mbumbumbu. Kinachoisukuma koni ni nini?"

"Umeme ukipita kwenye koili, koili inasukumana na sumaku."

"Kwa hiyo wako wawili. Koili na sumaku."

"Ndiyo."

"Ukigeuza koili, koni inakwenda kinyume. Na ukigeuza sumaku?"

Tsou alisita, akacheka kwa pua. "Sumaku haigeuki yenyewe, Afande. Spika inaunganishwa sumaku ikiwa jiwe tu, haina nguvu, ili isinase vumbi la chuma. Mwisho kabisa ndiyo inapigwa na mashine ya Fundi Liao, mara moja, *pah*, inakuwa sumaku. Zote mbili zilipigwa siku moja, upande mmoja."

"Nimekuuliza ukiigeuza."

"Itakuwa hivyohivyo. Lakini haiwezekani."

"Wewe mashine hiyo unaijua?"

"Mimi ni mtu wa kuchora na kupima. Chumba cha sumaku sijakanyaga tangu mwaka jana. Ninavaa saa ya mkononi ya baba, ya kutia ufunguo, na sumaku inaiua."

"Leo hujaivaa."

"Iko kwa fundi," alisema Tsou, akafungua chupa yake ya chai, akanywa.

Weng alizungusha macho ofisini. Ukutani, juu ya kiti cha bosi, ilitundikwa dira kubwa ya mbao ya fengshui, elimu ya Kichina ya kupanga nyumba zielekee bahati, duara ndani ya duara za maandishi, na sindano yake nyembamba katikati. Akavuta kiti, akapanda, akaitungua.

"Ebo! Inspekta, ya babu hiyo! Ndiyo iliyopanga mlango wa kiwanda!"

"Leo itapanga jingine. Sitaisogeza karibu, usihofu."

Akaishika dira sawasawa, spika ya kulia ikiwa imesimama kwa umbali wa mkono ulionyooshwa, mgongo wake ukielekea kwake. Sindano ikatetemeka, ikageuza ncha yake nyekundu kuelekea spika. Akasogea. Mbele ya ya kushoto sindano ikazunguka nusu mzunguko, ikaielekezea spika mkia.

Weng akarudia, ili bosi mdogo aone vizuri. Nyekundu. Mkia.

"Koili ya Shangazi Pi-lien haijageuka," alisema. "Sumaku ndiyo imegeuzwa. Tena baada ya ile jioni mliyosikiliza. Sasa, Bwana Ko, yeye anashika gundi na chuma cha kulehemu. Mashine ya sumaku anaishika nani?"

"Fundi Liao," alisema Ko, uso umemshuka. "Liao peke yake."

"Nilikuwa namshuku siku zote," alisema Tsou. "Anatafuna tambuu kazini."

*

Fundi Liao alitema tambuu kwenye kikombe cha karatasi alipowaona Weng, Ko na Tsou wakiingia, akakificha nyuma ya mguu. Chumba kilikuwa na dirisha moja na mashine moja, kabati la chuma la urefu wa mtu, lenye meza mbele na shimo mezani ambamo spika hukalishwa. Juu ya kabati, wazi kabisa, palikaa pakiti ya kijani ya bisi za mahindi zenye ladha ya nazi. Kila mashine ya kiwanda kile iliwekewa yake kama hirizi, ili iwe na adabu, na muda wa pakiti ukiisha huwekwa mpya. Weng hakushangaa, hata kompyuta ya kituo chake ilikuwa na ya kwake, na siku mkuu wa kituo alipoila kwa njaa, faili za wiki nzima zilipotea.

"Sijaigusa mashine tangu nilipoipiga ile jozi," alisema Liao mara Ko alipomweleza habari ya sumaku. "Kazi ilisimama, wote tulikuwa tunawangoja Wajapani. Mkinifunga, fungeni, ila huo ubaya wa kugeuza sijaufanya."

"Inageuzwaje?"

"Kuna nyaya mbili nene nyuma. Ukizibadilishana, kaskazini inakuwa kusini. Lakini nati zake nimezipaka rangi nyekundu, zikiguswa najua."

"Hebu tuzione."

Liao alijibana nyuma ya kabati na tochi. Mara likamtoka tusi la Kitaiwani ambalo sitaliandika. Rangi ilikuwa imepasuka kwenye nati zote mbili. Mtu alizifungua, akazigeuza nyaya, akazirudisha.

"Si mimi! Afande, mimi ningepaka tena!"

"Najua ungepaka," alisema Weng. Kisha akanyoosha mkono kuichukua pakiti ya kijani.

"Usiiguse!" Liao na Ko walipaza sauti pamoja.

Aliigusa. Mbele kulikuwa na maneno yaliyoandikwa kwa kalamu nene: *Mtoto mzuri, usiumize mtu.* Wino ulikuwa mwekundu. Chini, tarehe ya kuisha muda ilikuwa mbali bado. Akamwonyesha Liao.

Liao alisogeza uso, akakunja paji. "Hii si yangu. Mimi naandika kwa mweusi. Na yangu..." Akatazama chini, masikio yamemwiva. "Yangu ilikuwa imekwisha muda. Nilitaka kununua nyingine, nikasahau. Nilisema kwa kuwa mashine imepumzika, haina neno."

"Lo!" alisema Ko. "Mashine ya volti elfu mbili, pakiti imekwisha muda?"

"Nimesema nilisahau, bosi!"

"Ya zamani hapa mnaitupa?" aliuliza Weng.

"Tuitupe?" Liao alimtazama kama ametukana mkwe wake. "Imekulinda mwaka mzima halafu uitupe? Inapelekwa kwa Mungu wa Ardhi, kwa mikono miwili."

Weng alitoka uani. Wengine walimfuata, Tsou wa mwisho. Madhabahu ya Mungu wa Ardhi ilikuwa chini ya ngazi, kijumba chekundu chenye mahindi ya kuchemsha, machungwa na majivu ya ubani. Nyuma ya machungwa ilikuwa pakiti ya kijani iliyofifia. Wino mweusi, mwandiko wa Liao, muda umekwisha. Liao aliipokea, akaigeuza, akatikisa kichwa.

"Sikuileta mimi."

"Hapana," alisema Weng. "Aliileta mtu aliyeingia usiku kufanya ubaya, akaitazama mashine, akaona pakiti imekwisha muda, akashindwa kubonyeza. Akaenda kuchukua mpya. Akaiweka, akafanya ubaya wake, kisha hii akaileta hapa kwa heshima zote. Mhujumu kutoka Tucheng asingejisumbua. Shangazi Pi-lien angeandika kwa kalamu gani? Nani hapa anaandika kwa wino mwekundu?"

Ko alikuwa anatazama kifua cha Tsou. Kwenye mfuko wa shati la mhandisi zilichomekwa kalamu zake za kusahihishia michoro, zote nyekundu.

Weng hakungoja. Alipanda ngazi hadi chumba cha michoro. Juu ya mashine ya kupimia sauti palikaa pakiti ya kijani. Wino mwekundu, mwandiko uleule, *Mtoto mzuri, usikosee vipimo*. Chini ya meza katoni iliyofunguliwa, na tarehe ya pakiti zote zilizobaki ni ileile.

"Mtu yeyote angeweza kuchukua kwenye katoni yangu," alisema Tsou mlangoni.

"Angeweza. Ila maandishi nayo angeyachukua wapi? Na saa ya baba yako, Mhandisi, iko kwa fundi gani? Nataka kumuuliza inaumwa nini. Akiniambia imeshikwa na sumaku, nitamshukuru."

Tsou alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. Alipoirudisha usoni hakuwa tena yule mwalimu. Alimtazama bosi mdogo, si Weng.

"Unawasha mashine ile na pakiti iliyooza juu yake, unataka kuzikwa?" alisema. "Ndiyo. Ni mimi. Na sioni haya! Koni ile nimeikoroga mara ngapi hadi rojo likanishika kwenye kucha. Kijisanduku kile nimebadilisha koili na kapasita hadi mke wangu akahamia kwa mama yake. Halafu nafungua kijitabu cha kuwapa Wajapani, ukurasa wa kwanza: *Mbuni, Ko Chun-hao.* Wewe! Usiyejua gundi inakauka upande gani!"

"Baba alisema jina la familia..." alianza Ko.

"Nilitaka uketi kwenye gari lile, mbele ya wageni wako, usikie kazi 'yako' imekufa na ushindwe kusema kwa nini. Basi. Asubuhi ya pili ningeirudisha."

"Na Shangazi Pi-lien?" aliuliza Weng.

"Nilijua atasaini. Karatasi ile mimi niliiandika kwa maneno mepesi. Angesaini, aende nyumbani, nimtafutie kazi kwingine. Kila mtu husaini."

"Huyu hakusaini," alisema Weng, na hapo hasira ilimpanda. "Ungemwacha alale ndani leo, huku pakiti ya bisi umeipeleka kwenye madhabahu kwa mikono miwili. Haya, na hiyo mikono miwili ilete hapa."

Akamtia pingu mwenyewe.

*

Pi-lien alirudishwa kwa gari la polisi kabla jua halijazama. Ko alikuwa amemwandalia chai ofisini, ile nzuri ya milimani, na tabasamu. Spika ya kushoto ilikuwa tayari imefungwa kwenye mfuko wa ushahidi, na Wajapani walikuwa wamepiga simu. Wangekuja tena kama jozi mpya ingekuwepo, na jozi mpya haikuwa na njia nyingine ila mikononi mwa Pi-lien. Bosi mdogo alilijua hilo, na Pi-lien alilijua zaidi.

"Karibu juu, Shangazi, tuzungumze kifamilia," alisema Ko.

"Sipandi."

Alisimama katikati ya ua, pochi begani. Madirishani vichwa vilianza kujitokeza. Chini, mashine ya kukoroga rojo ilizimwa, kisha zile za kukaushia koni. Fundi Liao alitoka akasimama nyuma yake, mikono kifuani, na wale wasichana wa kulehemu wakatoka mmoja mmoja wakiwa na aproni zao.

"Ulinitangaza hapa," alisema Pi-lien. "Hukunitangaza kwenye chai."

"Shangazi, watu wanatazama."

"Siku ile hawakuwa wanatazama?"

Ko alimgeukia Weng kwa macho ya kuomba msaada. Weng alikuwa ameegemea gari, akimenya chungwa alilopewa na Liao, na hakuona sababu ya polisi kuingilia.

Pi-lien alifungua pochi. Akatoa karatasi ileile, aliyoichukua mezani kituoni, imekunjwa mara nne, akaikunjua juu ya goti lake. Akaazima kalamu kwa Weng, akalikata jina lake na maneno ya spika, akaandika mengine juu yake, polepole, kwa herufi kubwa. Kisha akampa bosi mdogo karatasi pamoja na kipaza sauti alicholetewa na Liao.

"Soma."

Ko aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Aliwatazama wafanyakazi, na hakuna aliyerudi kwenye mashine. Akawasha kipaza sauti, kikalia kwi, akakohoa.

"Mimi... Ko Chun-hao..."

"Nyuma hawasikii," alisema Pi-lien.

"Mimi Ko Chun-hao nakiri kwamba nimemharibia mtu kazi na jina, bila kuchunguza. Naomba radhi mbele ya wote." Sauti yake ilipiga ukuta wa ghala ikarudi, watu wote wakaisikia mara mbili.

Aliposhusha kipaza sauti, alikuta kalamu ya Weng imenyooshwa mbele ya kifua chake, na mkono ulioishika ulikuwa na madoa ya gundi nyeusi kwenye vidole.

"Sasa saini," alisema Pi-lien.